Kumalizia ndani ya nyumba ya mtoto wa bandia ya mtindo wa Mji Mkongwe, na kijibwa yumo humo humo sebuleni

Mkaazi_wa_Mbweni

Hamjambo wajuzi. Nina boksi la nyumba ya mtoto wa bandia la plaiwudi ya milimita 9, ghorofa mbili, vyumba vinne. Kila chumba kina urefu wa sm 40, kina cha sm 24 na kimo cha sm 28. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani sm 30 za kweli huwa sm 2.5. Mbele inafunguka kwa bawaba. Nje kumekwisha na mlango wa kuchonga umeshatiwa, mfaa wake na misumari yake, lakini ndani ni mbao tupu.

Nataka ndani kuwe Mji Mkongwe hasa: dari ya boriti, ukuta mnene wenye vidaka (vishubaka vya ukutani), vigae vyeusi na vyeupe chini, sakafu nyekundu ya saruji juu, taa nne zinazowaka kweli, samadari (kitanda cha nguzo) na mikeka. Nianze na kipi? Boriti niigize kwa kitu gani? Na rangi gani haitavimba wala kuota ukungu ikifika masika?

Kuna na hili. Tuna kijibwa wa kilo 5, ana miezi 14, bado anatafuna kila kinachoanguka na manyoya yake yanapukutika. Chumba kingine cha kufanyia kazi hakuna. Nyumba ni zawadi ya watoto wa dada yangu, wako Chake Chake, Pemba, kwa hiyo itapanda boti.

Fundi_Kidaka

Tuanze na utaratibu, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapoharibika. Nyaya kwanza, halafu ukuta wa ndani na plasta yake, halafu dari, sakafu mwisho kabisa. Ukitandika sakafu mapema, kila tone la plasta litaishia juu yake. Ukifunga ukuta kabla ya nyaya, utaubomoa mwenyewe.

Ukuta. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zina unene wa kama nusu mita, ndiyo maana kidaka kinazama ndani bila kutokeza upande wa pili. Kwa kipimo chako nusu mita ni sm 4 na kidogo. Usiutie unene wote huo, chumba kitakwisha. Tia sm 2 kwenye ukuta wa nyuma peke yake, macho yatakubali. Tumia stairofomu ya kufungia friji au televisheni, ile ngumu ambayo punje zake zimeshikana. Ikate kwa kimo cha sm 26.8, siyo 28, kwa sababu dari itakalia juu yake kama boriti za kweli zinavyokalia ukuta.

Vidaka vya sm 3.5 kwenda juu, sm 2.5 upana na sm 1.5 kina vinapendeza kwa chumba cha kimo hiki. Kata kwa wembe mpya, na ubadilishe wembe kila baada ya vidaka vinne au vitano. Wembe butu haukati, unang'oa punje, na ukingo unakuwa kama mkate ulioumwa. Ndani ya kila kidaka bandika kadi nyembamba pande zote ili kona zisimame.

Sasa onyo kubwa: stairofomu inayeyuka kwa tina, kwa rangi ya kopo ya kupuliza na kwa super gluu. Inaingia mashimo mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya mbao tu. Kabla ya plasta, ipake gundi hiyo iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uiache usiku kucha. Bila tabaka hilo plasta itabanduka kama ganda la yai.

Plasta ni vijiko 3 vya rangi ya maji nyeupe isiyong'aa kwa kijiko 1 cha jipsamu. Tengeneza kiasi cha kikombe cha kahawa, kile kisicho na mkono, basi. Ukizidisha itakuwahi kukauka. Mchanga usitie hata uwe umechekechwa, maana punje ya milimita 1 hapa ni sawa na kokoto ya sm 1.2 kwenye ukuta wa kweli, na jicho linaiona mara moja. Paka kwa brashi ukipishanisha pande. Mng'aro wa maji ukishaondoka, pitisha sponji nyevu iliyokamuliwa sana, hasa kwenye kingo za vidaka. Kingo zinalegea na kuviringana kidogo, kama za nyumba iliyopigwa chokaa miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo kazi nzima inapoonekana, kwa hiyo usiharakishe. Nyeupe tupu inaumiza macho ndani ya chumba kidogo. Tia tone moja la rangi ya manjano ya udongo katika kila kikombe.

Kuhusu masika, rangi si tatizo, tatizo ni ubao ulioachwa mtupu upande mmoja. Plaiwudi iliyopakwa ndani tu inavuta unyevu kwa upande wa pili na kupinda. Paka pande zote mbili na kingo zote, hata mahali pasipoonekana. Na emdiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) usitumie kabisa ndani: ukingo wake ukinywa maji unafura na haurudi tena.

Dari. Ifanye mezani, siyo ndani ya boksi kichwa chini. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kama mita 2.5 hadi 3. Kina chako cha sm 24 ni mita 2.88, umepatia. Vijiti vya mishikaki havifai: milimita 3 au 4 kwa kipimo hiki ni sm 4 au 5, hizo ni fito. Unataka unene wa milimita 8. Mikoko usiikate, haina haja. Chukua matawi membamba yaliyonyooka ya mpera au mkarafuu, yamenye maganda na uyakaushe kivulini wiki mbili. Kwa nafasi ya sm 2.5 kutoka kati hadi kati, kila chumba kinataka boriti 15. Vyumba vinne ni 60. Kata 70, kumi zitapinda.

Kata plaiwudi ya milimita 3, sm 39.8 kwa 23.8. Ipake nyeupe mara mbili. Boriti zipake rangi ya kahawia ya mbao *kabla* ya kuzibandika, kwa sababu mti ukishaguswa na gundi hauinywi rangi tena na doa jeupe linabaki. Ubao wa milimita 3 na boriti ya milimita 8 ni milimita 11, ndiyo ile hesabu ya ukuta kuishia sm 26.8: inabaki milimita 1 ya kupumua. Upande wa mbele gundisha kipande cha ubao cha milimita 8 kwa 8 kutoka ukuta hadi ukuta, kwa kimo hicho hicho. Dari inakalia hapo na juu ya ukuta wa nyuma. Usiigundishe. Taa ikizima unaitoa tu.

Sakafu haina makubwa. Kigae cha sm 20 ni milimita 17. Chapisha kwa mashine ya leza au piga fotokopi, kwa sababu wino wa maji utachuruzika ukipitisha vanishi. Bandika kwenye kadi kwa tepu ya pande mbili. Gundi ya maji inaivutanisha karatasi na malengelenge yanatokea. Kadi iwe pungufu ya chumba kwa milimita 1 kila upande. Vigae vilivyokatwa visukume nyuma, mstari mzima uanze mlangoni. Ya juu ni kadi laini, rangi nyekundu ya udongo tabaka tatu nyembamba, msasa namba 400 kati ya tabaka, kisha nta ya samani kwa kitambaa.

Taa_Ndogo

Fundi amemaliza ya ukuta, mimi niseme ya taa.

Tumia volti 5 za chaja ya simu, siyo zaidi. LED nyeupe ya mwanga wa umanjano (warm white) ya milimita 3 inachukua takriban volti 3, zinabaki 2. Kwa rezista (kipunguza mkondo) ya omu 220 unapata kama miliampea 9 kwa kila taa, nne zote hazifiki 40. Utaona wengine wanaweka omu 100. Taa inawaka vizuri ila inakuwa kali kama ya duka la simu. Kwa chumba cha boriti, 220, na ukitaka mwanga wa kandili nenda hadi 330.

Kila taa iwe na rezista yake, zote ziungwe sambamba. Ukiweka rezista moja kwa taa nne, ile inayofunguka mapema inavuta mkondo wa wenzake na inakufa kwanza. Ukiziunga kwa mfululizo, mbili tu zinataka volti 6, hutaona kitu. Mguu mrefu ni chanya. Unga, jaribu, ndipo ufunge kiungo kwa mpira wa kubana kwa joto. Usifunike waya wowote ambao hujauona ukiwaka.

Mfereji wa nyaya ukwangue mgongoni mwa ile stairofomu, upana wa milimita 4, ukiupandisha hadi kwenye dari. Acha sm 6 za waya za ziada kwa kila taa ili dari iweze kutolewa. Ncha ya LED ikwaruze kwa msasa 240, mwanga utasambaa badala ya kupiga sehemu moja. Kandili yenyewe ni shanga ya kioo yenye tundu pana na kikofia cha shaba cha kutengenezea hereni. Usibandike kwa super gluu: mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye LED na kwenye kioo, na haufutiki.

Pawabanki nyingi zitakuzimia baada ya muda mfupi, kwa sababu mzigo ni mdogo na zinadhani hakuna kinachochaji. Tumia chaja ya ukutani. Betri za kidonge achana nazo kabisa, na hapo namwachia anayejua mbwa aeleze.

Mlezi_wa_Vijibwa

Naam. Betri ya kidonge ikimezwa inaunguza koo kwa umeme wake, na kwa saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Ni hatari hiyo hiyo kwa watoto wa Chake Chake, kwa hiyo uamuzi wa kutozitumia unawalinda wote.

Vingine vya kuogopa katika kazi hii: sumaku ndogo za kufungia milango (mbili zikimezwa zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa), uzi ulio na sindano, na gundi ya poliurethani, ile inayofura povu. Hiyo ya mwisho ina ladha inayowavutia mbwa na inafuria tumboni mpaka inakuwa jiwe, ambalo mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Gundi nyeupe ya mbao ikilambwa kidogo kwa kawaida huishia kuchafua tumbo tu. Akimeza chochote kati ya hivyo vya hatari, usimtapishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kopo au pakiti ya kitu chenyewe.

Kwa kazi ya kila siku: kijibwa wa kilo 5 hafiki meza ya sm 75, lakini kiti kinamfikisha. Ukiinuka, kiti kinatoka. Kila kilicho chini ya sm 3 kikae kwenye kopo lenye kifuniko cha kusokota, siyo kisahani. Hesabu misumari na pini unapoanza na unapomaliza: ukitoa 40, zirudi 40. Waya wa chaja upite ndani ya bomba gumu la plastiki, na uchomoe ukutani kila ukiondoka.

Pangilia kazi kwa ratiba yake. Asubuhi saa 12 mtoe, kabla barabara haijaanza kuchoma nyayo, akirudi analala. Hizo saa mbili tatu za usingizi ndizo za kukata na kubandika. Jioni fanya kinyume: paka vanishi, fungua madirisha, kisha mtoe muda huo huo. Mkirudi harufu imepungua na uso umeshaanza kushika. Ukihitaji utulivu katikati ya siku, mpe mpira wa kutafuna wenye tundu, uujaze wali uliochanganywa na samaki asiye na miba, uugandishe. Wali wa jana wenye vitunguu usimpe, vitunguu vinaharibu damu yake.

Manyoya: mchane nje, siyo sebuleni. Jioni ya kabla ya vanishi pangusa meza na sakafu kwa kitambaa kibichi. Ufagio unayapandisha hewani. Feni izimwe. Unywele ukianguka kwenye vanishi mbichi, utoe dakika ile ile kwa ncha ya kijiti cha meno kilichochovywa vanishi. Ukichelewa na uso umeanza kunata, acha. Ukiuvuta utachimba mtaro. Ngoja saa 24, pitisha msasa 400, paka tena.

Jirani_wa_Kiponda

Naongeza jambo moja kwa heshima. Zawadi inakwenda kwa nani? Kama dada yako na wanawe ni Waislamu, na wengi wetu visiwani tunafuata Shafii, basi mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chumba cha karatasi, kadi na plasta huwezi kukiosha mara saba ukabaki na chumba. Kwa hiyo kijibwa asifikishe ulimi ndani ya boksi hata mara moja, na unywele usibaki chini ya vanishi ukasema hautaonekana.

Mkaazi_wa_Mbweni

Ahsante sana, Jirani. Ndiyo, dada aliolewa na kusilimu, na watoto wanasoma chuoni (madrasa). Nifanyeje na mikeka na matandiko, ambayo nitayashika siku nyingi na kuyaweka chini?

Jirani_wa_Kiponda

Usiyaweke chini. Yafanyie kazi ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ushonee na ukatie humo. Kila cha nguo kiwe kinatoka na kinafulika, kisigundishwe kitandani. Boksi lenyewe lifunike shuka safi lililobanwa kwa vibanio kila unapoondoka, na mbele ifungwe kwa kijiti. Kisha mwambie dada yako waziwazi kwamba lilitengenezwa kwenye nyumba yenye mbwa na jinsi ulivyolilinda, ili apokee akiwa na uhakika.

Ukili_wa_Wete

Mikeka ni yangu mie. Mkeka wa kulalia wa mita 2 kwa 1 unakuwa kama sm 16.5 kwa 8. Usisuke kipande kimoja, utaonekana kama kikapu. Suka ukili wa upana wa sm 1, kisha ushone nane ubavu kwa ubavu kama mkeka wa kweli. Ukindu uchanwe kwa ncha ya sindano mpaka milimita 1.5, choma karibu na shina, vuta kuelekea ncha. Tia rangi kabla ya kuchana, loweka nusu saa kabla ya kusuka, na suka ukiwa nyevu. Ukikauka mkononi unavunjika kwenye kila kona. Ukimaliza, piga pasi juu ya kitambaa kibichi.

Kanga usikate kwa mapazia. Mji wa kanga una maua makubwa kuliko dirisha lako. Tafuta leso ya mkononi yenye mistari myembamba au pamba ya maua ya milimita 2 hadi 3. Mikunjo ya pazia haikai kwa uzito kwa sababu kitambaa kidogo hakina uzito: chovya kwenye gundi nyeupe kijiko 1 kwa maji vijiko 4, pinda juu ya stairofomu iliyofunikwa nailoni, bana kwa pini, acha ikauke. Gundi hiyo haistahimili kufuliwa, kwa hiyo kata pazia mbili za kila dirisha, moja ya akiba.

Godoro ni sufi, siyo sponji. Sponji baada ya miaka michache inakuwa unga wa manjano. Nguzo za samadari ni kijiti cha mshikaki kilichotungwa shanga za mti za ukubwa tofauti, kubwa chini, kisha gundi na vanishi. Zinafanana kabisa na nguzo za kukereza.

Na vijiti vya Fundi, hasa vya mpera: kabla ya kuvitia rangi, viweke ovenini nyuzi 80 kwa saa nzima. Mayai ya wadudu wa mbao yako ndani na huyaoni. Usipofanya hivyo, siku moja utakuta unga mwembamba kwenye vigae, na dari yote inatoka. Gundi ya uji wa ngano, ambayo wengine wanaisifia kwa karatasi, inaita mende.

Fundi_Kidaka

Nakubali kuhusu oveni, nilisahau kuitaja. Kwa vanishi nashauri ile ya maji, ingawa ya mafuta inang'aa zaidi. Ya mafuta inanata muda mrefu zaidi kwenye unyevu wetu na kila saa ya kunata ni saa ya kuokota manyoya. Pia inageuka njano juu ya vigae vyeupe.

Kuhusu boti: toa dari zote nne, zilaze pamoja na karatasi katikati. Taa zikunje ndani ya vidaka kwa pamba. Kitanda na masanduku yasafiri kwenye kopo lake, siyo ndani ya vyumba. Mbele ifunge kwa kamba ya pamba, tepu itang'oa rangi. Funika kwa nailoni kisha katoni, likae wima, na mtu alishike mwenyewe mpaka bandari ya Mkoani. Mizigo ya chini inalaliwa. Likifika, toa nailoni siku ile ile na uache mbele wazi siku mbili. Ubao ukiwa umefura, mlango wa mbele utagusa upande wa juu karibu na bawaba. Usiulazimishe. Mwambie dada asubiri wiki, na ukiendelea kugusa, aupitishe msasa 180 mahali panapong'aa tu, kisha apake rangi ukingo ule.